Kivuli, Upepo na Maji Yanayopita: Mwongozo wa Kutunza Ndege na Maua ya Kigeni Kisumu

Mtu anayenunua jozi ya cherero au chungu cha okidi mjini Kisumu huuziwa pamoja na ushauri uliosafiri kutoka mbali: weka mahali pa joto, kinga na upepo, nyunyizia maji mara tatu kwa siku. Ushauri huo si uongo. Ulitungwa kwa ajili ya nyumba ya London au Chicago, ambako wakati wa baridi hita huwaka usiku na mchana na hewa ya ndani hukauka hadi midomo ya watu inapasuka. Ukiufuata neno kwa neno ndani ya nyumba ya bati kule Manyatta, au kwenye roshani ya ghorofa Milimani iliyozibwa kwa vioo, ndege atahema mpaka azimie na mizizi ya okidi itaoza. Hoja ya mwongozo huu ni moja, na maagizo yote yanayofuata yanatoka humo: kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria joto ni la bure. Anachopaswa kukileta mfugaji au mpanda maua ni kivuli, hewa inayotembea, na maji yanayopita bila kutuama. Na kiumbe ambacho hakikudai ulete chochote, kinachostawi tangu siku ya kwanza bila mkono wako, hicho ndicho cha kukiangalia kwa makini zaidi. Sababu yake utaiona mbele.

Soma saa kabla ya miezi

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Mchana joto hufika kati ya nyuzi 28 na 31 za Selsiasi. Alfajiri hushuka hadi 17 au 18. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya joto kali, na Julai ndio mwezi wa kupumua, lakini kati ya mwezi na mwezi tofauti ni ndogo, nyuzi mbili au tatu. Tofauti kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyohiyo hupita nyuzi kumi. Kwa hiyo majira ya mwaka yanayohangaisha wafugaji wa Ulaya, kwetu yamebanwa ndani ya saa ishirini na nne. Unyevu nao ni vivyo hivyo: asubuhi hewa imejaa maji, zaidi ya asilimia 80, na alasiri hukauka hadi karibu nusu. Anayeuliza "ndege huyu anahitaji joto kiasi gani?" ameuliza nusu ya swali. Swali kamili ni atakuwa wapi saa nane mchana, na atakuwa mkavu saa kumi na moja alfajiri?

Ziwa lenyewe ni mashine ya upepo. Kuanzia kama saa tano asubuhi nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda majini. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya milima ya Nandi na Kericho, na mara nyingi jioni dhoruba huteremka kuelekea ghuba ya Winam, nyakati nyingine na mvua ya mawe. Mvua ya mwaka mjini ni kama milimita 1,300, nyingi ikinyesha masika na vuli, lakini hakuna mwezi unaokauka kabisa. Ukijua hayo, unajua upande upi wa banda uachwe wazi na upi uwe na pazia.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mwambao wote una hewa moja. Mbita na Rusinga ni pakavu kuliko Kisumu. Maseno, kilomita 25 hivi tu kutoka mjini, iko mita 1,500 juu na hupata mvua nyingi zaidi na usiku wa baridi zaidi. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaoshika maji kama bakuli. Ua lililostawi kwa shangazi yako Maseno linaweza kunyauka kwako Nyamasaria, na hakuna aliyekosea kati yenu.

Kwa nini ndege wa tropiki hufa kwa joto

Hapa wasomaji wengi huweka pingamizi: ndege huyu ametoka nchi za joto, joto litamdhuruje? Jibu liko mahali anapoishi akiwa huru. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, na wapo wanaoishi Entebbe, kwenye ufuo wa ziwa hilihili letu, bila hita na bila blanketi. Lakini huko, jua linapokuwa kichwani, kasuku yuko ndani ya miti mirefu, majani yamepangana juu yake, upepo unapita kati ya matawi, na akichoka tawi moja huruka kwenda lingine. Tulichokichukua kwenye maisha yake ni jina la "ndege wa joto", na kile kilichomfanya alimudu joto tumekiacha msituni. Tundu la waya lililotundikwa chini ya bati lina nyuzi nyingi kuliko msitu wowote wa Kongo, na halina tawi la pili.

Ndege hana tezi za jasho. Mwili wake kwa kawaida una joto la nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla ya hatari. Anachoweza kufanya ni kuhema, yaani kutoa joto kwa mvuke wa pumzi, na kuachanisha mabawa na mwili ili hewa ipite kwapani. Mtazame kwa karibu saa nane mchana. Ndege mwenye nafuu amefunga mdomo, manyoya yake yamelala, na anajishughulisha. Ndege aliyeelemewa ameuacha mdomo wazi, ngozi ya koo inapwita upesi kama moyo wa mtoto, mabawa yananing'inia mbali na mbavu, na amesogea kwenye kona ya chini kabisa ya tundu. Hata kuku wa kawaida huanza kuhema joto linapokaribia nyuzi 30, na hizo ni nyuzi za kila siku Kisumu. Hewa ikiwa imesimama na imejaa unyevu, kuhema hakusaidii, maana mvuke hauna pa kwenda. Ndiyo maana upepo una thamani kuliko feni inayowashwa baada ya ndege kuanguka, na ndiyo maana kumnyunyizia maji ndege aliye kwenye chumba kisicho na dirisha ni kumwongezea mzigo.

Wajaluo wanaotega kware wa porini, aluru, huko Siaya huwatundika ndege wao wa kuitia wenzao kwenye vitundu juu ya nguzo ndefu. Lengo ni sauti ifike mbali, lakini kitundu kilicho juu ya nguzo pia kiko kwenye hewa inayotembea, mbali na joto linalopanda kutoka ardhini. Ufugaji wa kware ulipovuma nchini kabla ya soko kuporomoka mwaka 2014, watu wengi waliwanunua ndege hao bila kujua hata hili dogo la hewa.

Kujenga banda: hatua kwa hatua

1. Chagua kivuli kwanza, kisha mahali. Banda chini ya mwembe au msiala ni bora kuliko banda la fedha nyingi katikati ya ua. Mti hupoza hewa inayouzunguka, jambo ambalo paa haliwezi.

2. Elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi. Kwenye ikweta jua hupita juu. Kuta zinazopigwa ni za asubuhi na jioni. Kuta fupi ndizo zitazame mawio na machweo.

3. Kama paa ni bati, weka dari chini yake. Mikeka ya mafunjo, ile ya togo inayouzwa kando ya barabara, hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Acha nafasi ya shibiri mbili kati ya dari na bati, na ncha zote mbili ziwe wazi ili hewa moto itoke. Mkeka uliobanwa kwenye bati hausaidii kitu; unapata joto na kulishusha.

4. Acha upande wa ziwani wazi kwa wavu, na upande wa dhoruba uwe na turubai la kukunja. Kwa sehemu kubwa ya mji dhoruba hutoka mashariki. Teremsha turubai wingu linapojenga, na ulikunje mvua ikishakatika. Turubai linaloachwa chini usiku kucha hugeuza banda kuwa chungu cha mvuke.

5. Funika wavu wote kwa chandarua cha mbu kabla ya magharibi. Mbu hueneza ndui ya ndege na malaria ya ndege, na ufukweni mbu hawakosekani.

6. Inua sakafu juu ya ardhi na umwage makapi ya mpunga ya Ahero au Kano. Yabadilishe yanapolowa, kabla hayajanuka. Harufu inayowasha macho yako saa mbili asubuhi imekuwa ikichoma mapafu ya ndege usiku mzima.

7. Weka maji ya kunywa kivulini na uyabadilishe mara mbili kwa siku. Weka pia sinia pana la maji ya kuogea kuanzia saa nne hadi saa tisa, kisha uliondoe, ndege alale mkavu.

Wapo watakaouliza: je, upepo si adui wa ndege? Vitabu vingi vinasema hivyo, na kwa baridi ya nyuzi tano vinasema kweli. Nyuzi 17 za alfajiri ya Kisumu hazimdhuru ndege mzima aliye mkavu. Manyoya yake ni koti tosha. Anayekufa alfajiri ni yule aliyeloa jioni na kubaki hajakauka, amesimama kwenye upepo. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo ushauri wa kigeni umeyachanganya: upepo mkavu ni dawa, mvua yenye upepo ni ugonjwa.

Chakula nacho kina hali yake ya hewa. Mtama, ulezi na njugu karanga vilivyowekwa kwenye gunia sakafuni huota kuvu, na sumukuvu iliyo kwenye njugu huharibu ini la kasuku kimyakimya, wiki baada ya wiki. Nunua kidogo kidogo, anika, weka kwenye debe lenye mfuniko, na tupa kila punje yenye harufu ya ukungu hata kama ni chakula cha mwezi mzima.

Ukinunua ndege Nairobi, kumbuka ametoka mji ulio mita mia tano au zaidi juu ya wako. Msafirishe usiku, ndani ya basi na si kwenye buti, na kwa wiki mbili za kwanza umweke mahali penye kivuli kuliko pote ulipo napo.

Ndege akizidiwa na joto

Mhamishe kivulini penye upepo. Lowesha miguu yake na sehemu za chini ya mabawa kwa maji ya kawaida ya mtungi; maji ya barafu humshtua na kubana mishipa. Mwekee maji karibu na mdomo bila kumlazimisha kunywa, maana anayehema huingiza maji mapafuni. Mwache kimya. Akishafunga mdomo, tafuta kosa kwenye banda siku hiyohiyo, kwani kesho saa nane itarudi.

Angalizo la sheria

Kabla ya kujenga banda, hakikisha ndege unayemtaka anaruhusiwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kasuku wa kijivu aliwekwa kwenye orodha ya kwanza, yenye ulinzi mkali kabisa, ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa uamuzi uliofikiwa Johannesburg mwaka 2016 na kuanza kazi Januari 2017. Okidi zote za dunia ziko chini ya mkataba huo pia, kwa hiyo okidi iliyobanduliwa kwenye mti wa msitu wa Kakamega si zawadi. Mimea na mbegu za kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha KEPHIS kabla hazijaingia.

Wapo pia ndege ambao hakuna banda litakalowatosha, na hili halina uhusiano na bidii ya mfugaji. Kwenye mafunjo ya Dunga na ya Yala anaishi ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye wataalamu humwita *Laniarius mufumbiri*. Hali ya hewa anayoihitaji ni kinamasi chenyewe: unyevu wake, kivuli chake cha mashina yaliyosongamana, wadudu wake. Mafunjo yakikatwa yote, hahamii kwenye bustani. Unaponunua mikeka ya dari, basi, muulize muuzaji wanakokata na kama wanaacha mashina machanga yarudi. Yanayokatwa kwa zamu humea tena. Yanayochomwa ili kupanda mboga hayarudi.

Maua: uliza lilitoka kimo gani

Kwenye maua, jina "la tropiki" hudanganya zaidi. Tropiki ina mabonde yenye joto na ina milima yenye ukungu, na ua la mlimani kwenye joto la Kisumu ni mgeni sawa na ua la Uholanzi. Waridi ndilo mfano ulio wazi. Mashamba makubwa ya waridi ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900 juu, na mengine juu zaidi, kwa sababu usiku wa baridi huchelewesha ukuaji: shina hurefuka, tumba hujaa. Kisumu waridi hukimbia. Hufunguka haraka, likiwa dogo, kwenye shina fupi, na kupukutika baada ya siku chache. Si kwamba umekosa mbolea. Umekosa usiku wa nyuzi kumi, na huo hauuzwi kwenye duka la agroveti. Haidranjia na okidi za jamii ya *Cymbidium* hudai usiku wa namna hiyo ili zichanue. Zikiletwa hapa zikiwa na maua kutoka vitalu vya Limuru, mji ulio mita 2,200 juu, hupendeza kwa mwezi mmoja, kisha huishi miaka mingi zikiwa majani matupu. Tulipu haina haja ya kujaribiwa. Krisanthemamu ina shida ya aina nyingine: huchanua mchana unapokuwa mfupi, na kwa kuwa mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hutoa maua ingali fupi isipokuwa iwashiwe taa usiku.

Upande wa pili kuna maua ambayo Kisumu ni kama kwao. Bogonvila, iliyotoka Amerika ya Kusini, huchanua vizuri zaidi inaponyimwa maji kidogo. Anayeimwagilia kila siku huvuna majani. Helikonia hupenda mvua yetu. Anturiamu, ya misitu ya Kolombia na Ekuado, hukua vizuri chini ya neti ya kivuli cha asilimia 70 au 80, lakini jua la saa saba huibabua majani siku moja tu. Na okidi ya *Phalaenopsis*, ile yenye maua mapana kama kipepeo inayouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka makubwa, inafaa hapa kuliko Nairobi. Ni ua la nyanda za joto za Asia ya Kusini-Mashariki. Ili litoe shina la maua linataka wiki kadhaa za hewa iliyopoa, chini kidogo ya nyuzi 26, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu inayoikaribia hali hiyo, mradi likae kivulini penye hewa. Wanaolalamika kwamba okidi yao haijachanua miaka mitatu, wengi huiweka kwenye sebule iliyofungwa, ambako usiku na mchana joto ni lilelile. Itoe barazani, upande usiopigwa na jua la mchana, Juni ikianza. Mwezi mmoja au miwili baadaye chunguza shina chipukizi likitokeza kati ya majani.

Mzizi wa okidi hukuambia kila kitu ukiusoma. Ukiwa mkavu ni wa rangi ya fedha. Ukinywa maji hugeuka kijani mbele ya macho yako, ndani ya dakika moja. Mwagilia asubuhi mizizi ikiwa imerudia ufedha, na usimwagilie ikiwa bado kijani. Mzizi wa kahawia unaobonyea na kuvuja maji umeoza. Ukate kwa wembe safi. Mwituni mizizi hii hushika magome ya miti, mvua huipiga na upepo huikausha. Kwa hiyo usitumie udongo hata kidogo. Jaza chungu chenye matundu kwa vipande vya makaa ya ukubwa wa kidole gumba vilivyochanganywa na tofali lililovunjwa. Maji bora ni ya mvua. Acha ya kwanza yaoshe bati, kisha kinga. Na usinyunyizie majani jioni. Unyevu wa usiku wa Kisumu unatosha, na tone linalolala katikati ya majani hadi asubuhi ndilo linaloanzisha uozo wa moyo.

Pingamizi moja hurudi kila mara: Naivasha wanatumia nyumba za plastiki, kwa nini nisijenge moja? Kwa sababu plastiki ya Naivasha hukinga maua na mvua na kushika joto la mchana lisipotee usiku. Hapa hatuna baridi ya kukimbia. Chini ya plastiki iliyofungwa hewa hupita joto la nje kwa haraka, na ifikapo mchana umepika ulichopanda. Neti ya kivuli juu, pande zote wazi, ndiyo nyumba ya maua ya mwambao. Fedha iliyobaki itumie kwenye udongo, hasa kama unaishi Nyamasaria au kuelekea Ahero. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mizizi huzama masika na kukatika Januari. Inua tuta hadi magotini, changanya mchanga wa mto, makapi ya mpunga na samadi iliyoiva, na uchimbe mfereji kuzunguka. Hata mmea unaopenda maji hauvumilii maji yasiyotembea.

Ua linalostawi bila kuombwa

Sasa upande wa pili wa hoja. Ua la kigeni lililofanikiwa kuliko yote katika historia ya Kisumu lina petali za zambarau hafifu na doa la manjano, na halikuhitaji neti, chungu wala mbolea. Gugu maji lilitoka bonde la Amazoni, likasambazwa duniani kama pambo la mabwawa, na kuingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kupitia Mto Kagera. Upande wa Kenya lilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lilikuta maji yenye joto lake mwaka mzima, lishe inayoletwa na mito na majitaka ya miji, na wadudu wanaolila kwao hawakuwepo. Katika hali kama hiyo linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Mwaka 1998 lilikadiriwa kufunika hekta 17,000 hivi za ghuba ya Winam: mashua zikakwama, samaki wakakosa hewa, bandari ikazibwa. Fukusi wa *Neochetina*, ambao asili yao ni huko lilikotoka, walilipunguza sana, lakini halijaisha, na mbegu zake hukaa hai matopeni zaidi ya miaka 15.

Haya hayatokei kwetu tu. Kifabakazi, mti wa maua mekundu yanayowaka ambao Waingereza waliupa jina la Nandi, ni wa kwetu. Ulipelekwa Hawaii na visiwa vya Pasifiki kupamba barabara, ukavamia misitu yao. Lantana ilikuja kama ua la bustani, na jina lake la Kijaluo, nyabend winy, linataja ndege, ambao ndio wanaokula matunda yake na kuzipanda mbegu kila mahali. Mtu anaweza kusema kuwa mmea wa kigeni si lazima uwe na hatia, na ni kweli. Maua makech, ile alizeti pori ya Meksiko inayomea kando za barabara, imekuwa mbolea nzuri ya majani kwa wakulima wa Maseno. Lakini faida hiyo haikuondoa tabia yake ya kuenea. Kanuni ni kupima kabla, kwa sababu baada ya kuenea hakuna kipimo.

Kabla ya kupanda ua geni, jiulize:

- Linatoa mbegu zinazopeperuka au zinazoliwa na ndege?
- Kipande cha shina kikianguka kwenye tope, kinamea?
- Linaweza kuelea?
- Kwenye mtaa huu, limeshaonekana likiota mahali ambapo hakuna aliyelipanda?

Jibu la "ndiyo" moja linatosha kulikatalia bustani iliyo karibu na mfereji au ufuo. Likae chunguni, maua yakatwe kabla ya mbegu. Jibu la "ndiyo" kwa swali la tatu, liache dukani. Na kama unachotaka hasa ni ndege na rangi kwenye ua wako, panda mti wa msiala au wa orembe. Orembe ikichanua maua yake mekundu, chozi watakuja wenyewe, na hao hawahitaji dari, chandarua wala kibali.

Mmea uliokufa au uliokuchosha uuchome, au uufukie mbali na maji. Usiutupe mtaroni, hata ukiwa kipande kimoja. Mitaro ya mji humwaga kwenye mito kama Kisat na Auji, na mito hiyo huishia ghubani.